Mluzi wa Pijo la Dresa

Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Fakihi Likwata hakusana majembe kama babu zake wa Rutamba, wala hakuvukuta. Yeye alitengeneza ekzosi, yale mabomba ya moshi yanayopita chini ya gari, na katika mji wa Lindi hakuwapo wa kumfikia. Kazi alijifunza Nachingwea akiwa kijana, Wazungu wa karanga walipokuwa wakilaza bomba la mafuta kutoka pwani. Karanga zikawashinda, wakafunga virago. Fakihi akarudi Lindi na shehena ya vipande vya bomba, ujuzi wa kuchomelea chuma kwa gesi, na sikio.

Sikio lile lilikuwa balaa. Akiwa katikati ya chakula, gari likipita barabarani, tonge lilisimama hewani. "Lori la Ushirika hilo. Sailensa imetoboka upande wa kulia." Watu walitoka kwenda kuhakikisha, wakakuta ni kweli. Hakupata kukosea hata mara moja, naye alijua kwamba hakosei, na hapo ndipo kasoro yake ilipokaa. Mimi nampenda Fakihi, lakini ukweli usemwe: mtu yule alipenda sifa kuliko pilau.

Gari moja tu lilimkera, tena kwa miaka sita. Lilikuwa Pijo 403 la mwaka hamsini na saba, jeupe lililogeuka manjano, lililoachwa na meneja mmoja wa mkonge baada ya Azimio la Arusha. Serikali iliipa zahanati gari hilo ili lizunguke vijijini, na aliyeliendesha na kutibu kwalo alikuwa mtu mmoja, Dresa Sebastiani, kwani dresa ndivyo alivyoitwa mganga wa zahanati. Ekzosi yake ilikuwa imekwisha kabisa. Gari liliunguruma chinichini kama mzee anayesafisha koo. Kila Dresa alipopunguza gia lilipasua, "pwa!" Na likipanda mlima lilitoa mluzi mwembamba, mrefu, wa kusikitisha, uliosikika maili nzima. Huko vijijini akina mama waliposikia mluzi ule walifunga watoto mgongoni na kutoka barabarani kusubiri.

"Niachie siku mbili tu nilitibu," Fakihi alimsihi.

"Usiliguse," Dresa alijibu akicheka. "Kanisani wana kengele, msikitini mna adhana, na mimi nina ekzosi."

Fakihi alikasirika kweli, kwa sababu karakana yake ilitazamana na nyumba ya Dresa, na kila siku saa kumi na moja jioni aibu ile ilipita mbele ya mlango wake. Mluzi mlimani, "pwa" kwenye kona, muungurumo mlangoni. Papo hapo moshi ulianza kupanda jikoni, kwani Magdalena, mke wa Dresa, alikuwa na desturi ya kuinjika maji ya kuoga ya mumewe mara asikiapo mluzi.

Mwaka sabini na tatu, mwishoni mwa masika, Dresa Sebastiani alianguka kwenye ngazi za zahanati akafa. Alizikwa kwa wingi wa watu ambao Lindi haijasahau. Gari likawekwa juu ya mawe, na moshi wa saa kumi na moja ukakoma.

Mwaka uliofuata akaja mganga msaidizi kijana, Tomaso, mwenye koti jeupe lililopigwa pasi. Alilivuta Pijo mpaka karakana.

"Shikamoo, Mzee Fakihi."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba unizibie matundu tu. Moshi unaingia ndani, wagonjwa wanakohoa."

Aliomba kuzibiwa matundu tu. Lakini ungemwona Fakihi siku ile! Alichora kwa mkaa sakafu nzima. Alilikata bomba la zamani lote, akampelekea binamu yake mhunzi huko Rutamba alifue majembe. Kisha akachukua bomba zuri la Nachingwea, akaliunda liwe sailensa yenye vyumba vitatu. Ndani alipitisha bomba jembamba alilolitoboa vitundu mia mbili kwa msumari mmoja mmoja, na kulizunguka akashindilia vinyuzi vya chuma vinavyobaki kwenye mashine ya kukerezea, ili sauti iingie, izunguke, ichoke, ife humo humo. Tomaso alipowasha aliuliza kama limewaka.

"Sikiliza saa yako ya mkononi," Fakihi alimwambia. "Utaisikia inavyotembea."

Wala hakutia chumvi. Pijo lilitoka karakana na hukusikia kitu ila mchanga ukipondwa na matairi. Mbwa waliolala barabarani hawakuinua vichwa. Mmoja hakuinuka tena.

Jioni ile Magdalena alivuka barabara. Hakukaribia sana.

"Shemeji, nilikuwa nafagia. Nimegeuka, gari la mume wangu linapita mgongoni kwangu, kimya, kama linanyata. Nimechungulia dirishani nione kama kuna mtu."

"Alikuwamo Tomaso, shemeji," Fakihi alisema huku akicheka.

"Nimemwona," alisema Magdalena. "Lakini nimechungulia kwanza."

Ilikuwa miaka ya Operesheni. Sitasema mengi, waliohamishwa wanajua, na waliohamisha wanajua. Malori yalifika asubuhi, watu wakapakiwa pamoja na mitungi yao na kushushwa kando ya barabara kwenye kijiji kipya. Mikorosho yao na makaburi ya wazee wao vikabaki nyuma, kwenye mahame. Watu wa namna hiyo hulala na sikio moja wazi. Ndipo likaja gari jeupe lisilolia. Ulikuwa unatwanga, ukiinua macho liko uani kwako, na mtu wa koti jeupe anashuka akiwa na sindano na chupa. Unadhani walisema nini? Walisema mumiani, wale wanaodaiwa kunyonya watu damu na kuitia chupani. Wakasema mumiani wa safari hii ana ujanja zaidi: hukuita kwa sauti ya ndugu yako. Lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Fakihi aliposimuliwa habari hizo alicheka mpaka akashika mbavu. Aliona ni sifa nyingine ya ekzosi yake. Alicheka wiki mbili, mpaka siku Pazi, mkwewe, alipofika karakana kwa baiskeli, miguu imejaa vumbi mpaka magotini.

Pazi alimwoa Biasha, mtoto pekee wa Fakihi. Biasha alikuwa na mimba ya tatu. Mbili za kwanza watoto walikaa vibaya tumboni wakafa wakati wa kuzaliwa, na ile ya pili nusura iondoke naye. Dresa Sebastiani ndiye aliyemwokoa. Alimwambia waziwazi: wa tatu usijaribu kuzalia nyumbani, lazima upasuliwe hospitali, nitakuja kukuchukua mwenyewe, utanisikia kabla hujaniona.

"Amekimbia, baba," Pazi alisema. "Gari lilipokuja kumchukua, wanawake wote walikimbia, na yeye akiwamo. Wako kwenye mahame yetu ya zamani. Tumbo limeshuka. Mama anasema ni siku nne, tano."

"Mwambie baba yake kasema aje."

Pazi alitazama chini. "Wanajua ni wewe uliyelitengeneza. Wanasema wewe ndiye uliyelikata ulimi."

Kicheko kilimkauka Fakihi. Siku ile ile alipanda Pijo na Tomaso mpaka ukingo wa mahame. Walifika mchana wa saa sita, jua la utosi, saa ambayo kivuli cha mtu kinajificha chini ya miguu yake. Kuta za udongo zilizobaki zilisimama bila paa. Mafiga matatu yalikuwa bado na moto. Fakihi alimwita mwanawe kwa jina, akamwita kwa jina la utotoni ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Vichaka vilikuwa vimejaa watu, alisikia pumzi zao kwa sikio lile lile, na hakuna hata mmoja aliyejibu. Kadiri alivyomwita kwa upendo ndivyo walivyosogea mbali zaidi. Kwani nani asiyejua kwamba mumiani huja na sauti ya baba yako?

Alirudi Lindi akilia, mtu mzima, hakujificha. Gari jingine la kumchukua Biasha halikuwapo ila malori ya Operesheni, na hayo walikuwa wakiyakimbia zaidi. Lilibaki jambo moja tu: kulirudishia Pijo sauti yake. Na sauti yenyewe ilikuwa imeshafuliwa majembe.

Fakihi alijua kutengeneza ukimya. Kutengeneza ubovu, tena ubovu ule ule, hakujua. Alipasua sailensa yake nzuri, akaondoa vinyuzi vya chuma, akavunja ukuta wa chumba cha pili. Gari likanguruma. Lakini muungurumo upi? Kwa mara ya kwanza hakuliamini sikio lake, maana miaka sita alikuwa akiisikia sauti ile kwa kuichukia. Alihitaji mtu aliyeisikia kwa kuipenda.

"Shemeji," alimwambia Magdalena mlangoni kwake, "Biasha atakufa. Nisaidie kumkumbuka Sebastiani."

Magdalena alichukua kigoda, akakaa karakana, mgongo kwa gari, macho amefumba. Siku mbili walifanya kazi hivyo. Fakihi chini ya gari, Tomaso kwenye usukani, na mama yule akisikiliza.

"Huyo mgeni," alisema. Fakihi akapanua shingo ya bomba.

"Huyo ana hasira. Yeye hakuwa na hasira." Fakihi akarudisha nusu ya ukuta aliouvunja.

"Eh. Hapo anatoka kazini." Na Fakihi akachomelea haraka kabla hajabadili neno.

"Pwa" aliipata kwa kupasua ufa wa kidole kimoja kwenye kiungo cha bomba, pale hewa inapoweza kuingia na kukutana na moto. Mluzi ndio uliokataa. Alitoboa tundu dogo, akatoboa kubwa, akapata filimbi, akapata kelele za bata. Siku ya pili alasiri Magdalena alifumbua macho.

"Alikuwa amefunika tundu kwa kifuniko cha kopo la vidonge," alisema polepole. "Kimening'inia kwa waya. Alikifunga mwenyewe, hapo uani." Akaenda kwake, akarudi na kifuniko kama kile, kilichobaki kwenye sanduku la marehemu.

Fakihi alikifunga kwa waya, akakilegeza kidogo. Tomaso alizunguka na gari mpaka chini ya mlima wa kuingilia mjini, akapanda. Mluzi ukaja. Mwembamba, mrefu, vile vile. Fakihi nywele zilimsimama. Aligeuka amuulize Magdalena, akakuta kigoda kitupu. Ng'ambo ya barabara moshi ulikuwa unapanda jikoni kwake.

Alimkuta ameinama juu ya jiko, sufuria limejaa maji, khanga safi begani.

"Nilijua si yeye," alisema bila kugeuka. "Mikono ndiyo haikujua."

Asubuhi yake waliondoka watatu. Magdalena ndiye aliyesema lazima aende, kwa sababu Tomaso hakujua mahali Dresa alipokuwa akipunguza gia. Kiti cha mbele cha Pijo ni kirefu kama benchi, wanakaa watu watatu. Tomaso kwenye usukani, Magdalena amebanana na mlango, Fakihi peke yake nyuma. "Hapa punguza," mama yule alisema penye daraja. "Hapa mara mbili." Na kila aliposema, "pwa!" ikajibiwa na milima. Walipita kijiji kipya. Nyumba zimejipanga mstari, hazina mtu. Walishika njia ya mahame. Kilima cha mwisho kilipoanza, mluzi ukapanda juu ya mikorosho.

Watu walitoka. Hawakukimbia wala hawakushangilia. Walitoka vichakani mmoja mmoja, katika jua lile, wakasimama kando ya njia na wagonjwa wao, kama walivyokuwa wakisimama miaka yote. Mzee mmoja, jicho limefunga utando, alishika dirisha la mbele.

"Umechelewa, Dresa," alisema. "Shikamoo, lakini umechelewa."

Hakuwa akimtazama Tomaso. Fakihi alitaka kusema neno, Magdalena akainua mkono kumnyamazisha.

Ndipo Biasha akatoka. Alikuwa amevaa vizuri, kitita chake amekwisha kukifunga, mama mkwe kamshika kiwiko. Alifungua mlango wa nyuma mwenyewe, akaketi kando ya baba yake, akashusha pumzi.

"Alisema nitamsikia," alisema.

Wakashika njia ya kurudi Lindi. Uchungu ulikuwa umeanza kumbana na kumwachia. Fakihi alimshika mkono, akimwomba Mungu kwa kila dua aliyoijua na nyingine ambazo hakuzijua vizuri. Karibu na daraja Biasha akamwinamia sikioni.

"Baba, huyo anayeendesha ni nani?"

"Tomaso. Mganga mpya. Usimwogope."

"Na yule dirishani ni mama Magdalena."

"Ndiye."

"Na wa katikati?"

Fakihi alitazama mbele. Kati ya Tomaso na Magdalena palikuwa pamebaki nafasi ya mtu mmoja. Hapakuwa na mtu. Lakini akakumbuka kwamba tangu walipotoka Lindi mama yule alikuwa amejibana na mlango hivyo hivyo, bega limeumia, bila ya mzigo wowote kumsukuma.

"Pumzika, mwanangu," alimwambia.

Biasha alipasuliwa hospitali ya Lindi jioni ile. Mtoto wa kike, mzima, mwenye mapafu ya kuuamsha mji. Fakihi alimbeba akalia, akacheka, akalia tena, akawaambia wauguzi wasikilize sauti hiyo, hakuna fundi awezaye kuiziba. Biasha akaletwa nyumbani kwa baba yake, nyuma ya karakana, kumaliza arobaini.

Na Pijo likaendelea kwenda vijijini. Watu walirudi kutibiwa. Sasa kila siku saa kumi na moja mluzi ulipanda mlima, na kila siku moshi ulipanda jikoni kwa Magdalena. Siku ya ishirini alivuka barabara. Alikuwa amekonda.

"Shemeji, liondoe gari hilo. Kila siku nainjika maji. Kila siku nayamwaga."

Fakihi alilipima jambo hilo. Kuliondoa ni kuwafukuza wagonjwa wote warudi vichakani, na miongoni mwao wamo mabinti wa watu, kama wake. Kuliacha ni kumuua mama huyu taratibu, naye ndiye aliyemwokolea mwana. Hakulala vizuri. Asubuhi aliingia chini ya gari akafanya alichoweza: akakata waya, akakitoa kile kifuniko, akaliziba tundu kwa kipande cha bati na kukichomelea kabisa. Muungurumo ukabaki, na "pwa" ikabaki. Hivyo vingewatosha watu wa vijijini. Mluzi haukuwapo tena. Alimpelekea Magdalena kifuniko mkononi.

"Hiki ni chako. Ukisikia gari bila mluzi, jua ni Tomaso."

Magdalena alikitia sandukuni mbele yake, akafunga kufuli. "Mungu akulipe," alisema.

Jioni ile Fakihi alisimama mlangoni na nyundo mkononi. Saa kumi na moja ikafika. Gari lilipanda mlima likiunguruma, likapasua kwenye kona, likaingia karakana. Tomaso alishusha wagonjwa wawili waliokuja nalo kwa hiari yao, akazima, akaaga, akaenda nao zahanati. Ng'ambo ya barabara jiko la Magdalena lilikuwa baridi. Fakihi alimshukuru Mungu kwa sauti.

Biasha alikuwa ameketi kwenye mkeka nyuma yake akinyonyesha. Pijo lilikuwa mbele ya macho yao, limezimwa, chuma chake kikilia tik, tik, kikipoa.

Na mluzi ukapanda mlima.

Mwembamba, mrefu, vile vile. Sikio la Fakihi halikupata kukosea hata mara moja. Ulipanda mpaka juu, ukazunguka kona, ukaja taratibu mpaka mbele ya nyumba ya Magdalena, ukanyamaza.

"Leo kachelewa," alisema Biasha, akamhamishia mtoto titi la pili.

Fakihi aliweka nyundo chini. Ng'ambo ya barabara moshi ulikuwa umeanza kupanda.